Uji Hauliwi

Mimi ni mtoto wa Kosele, na kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kulaza watoto wa wenzangu na kuwaamsha. Cheti kilisema afisa wa kliniki, nusukaputi. Sokoni waliniita daktari wa usingizi, na wengi walidhani kazi huishia kwenye sindano.

Kumbe hapo ndipo inapoanza. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 tu. Koo lake jembamba likijikaza, hewa haipiti. Oksijeni humwishia upesi kuliko mtu mzima, na moyo huanza kujikokota. Kabla hatujapata kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, nilikuwa nabandika stethoskopu kifuani kwa plasta, nikisikiliza huku mkono ukifinya mfuko wa hewa.

Asubuhi moja, katika hospitali nisiyoitaja, aliletwa mvulana wa miaka 3 mwenye henia. Nikamwuliza nyanya yake kama mtoto amekula. “Hajala, wuoda,” yaani mwanangu, akanijibu. Nikatia alama kwenye fomu.

Hata hajazama vizuri, uji wa wimbi ukapanda kooni na kujaa kwenye barakoa. Tukamlaza ubavu, kichwa chini, tukavuta kwa mashine. Midomo ikageuka rangi. Masikioni mwangu mapigo yakaachana, moja, kisha moja. Nilikuwa nimeshika atropini, dawa ya kuharakisha moyo, alipokohoa. Aliugua nimonia, akapona.

Nyanya hakudanganya. Kwetu uji hauliwi, hunywewa. *Madho nyuka*, tunasema kwa Kijaluo, na Kiswahili nacho husema kunywa uji. Mwenye kosa ni mimi niliyeuliza habari za kula.

Tangu siku hiyo niliuliza nyanya hivi: “Dani, kitu gani cha mwisho kilipita kinywani mwake, na saa ngapi?” Kisha nilihesabu muda wa kufunga: saa 6 kwa chakula, uji au maziwa ya ng'ombe, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji matupu. Wadogo waliingia thieta kwanza, maana njaa ndefu nayo huwashusha sukari.

Na kila jioni kabla ya upasuaji nilipita wodini kueleza sababu ya kumnyima mtoto chakula. Yule nyanya, nilipomweleza nikiwa nimechelewa, alinitazama kwa huruma: “Wuoda, wewe ungempeleka mjukuu wako kwenye kisu na njaa?”