Linksi wa Colorado: kumfikisha si mwisho

Katika milima ya San Juan, jimboni Colorado, Marekani, theluji hukaa miezi mingi. Linksi, paka mwitu mwenye vishungi masikioni, alikuwa ametoweka huko. Mwaka 1999 wataalamu walianza kuachia wengine kutoka Canada na Alaska, wakiwa na kola za redio shingoni.

Redio zilileta habari chungu: baadhi ya wale wa kwanza walikufa kwa njaa. Waliofuata walilishwa kwanza hadi wakanenepa, wakaachiwa baridi ikipungua. Hadi mwaka 2006 walifika 218.

Mwaka 2003 watafiti walifuata ishara za majike, wakakuta watoto.

Mzazi aliyempeleka mwanawe bweni anaelewa: ukishamfikisha, bado unauliza kama amekula.