Adui na Rafiki Katika Mkorosho

Mwanafunzi, nilipokuwa na umri kama wako nilimsaidia babu yangu katika shamba lake la mikorosho karibu na Kilwa Masoko. Machipukizi yalikuwa yakikauka, kwani mbu wa mikorosho, ambaye si mbu wa kweli, alikuwa akiyafyonza. Babu aliniagiza nimwue. Nami niliua kila mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu. Jioni babu alipowatazama alihuzunika: baadhi yao walikuwa wadudu wawindaji, ambao huwala wadudu waharibifu.

Je, wewe ungewatambuaje? Tazama kwanza mgongo. Mbu wa mikorosho ana kijiti kilichosimama mgongoni mfano wa pini, chenye kichwa kidogo. Kisha tazama mdomo. Wake ni mrefu na mwembamba kama sindano. Wa mwindaji ni mfupi, mnene, nao umepinda. Usimshike mwindaji kwa vidole, maana huchoma kwa uchungu. Mchunguze angali juu ya tawi.

Mwaka ule tulivuna korosho chache. Tangu hapo mimi hutazama kwanza, ndipo nikahukumu. Nawe fanya vivyo hivyo.