Fizike Inafundisha Mtoto Nini?

Kila mwaka kisha matokeo ya diploma ya Leta, mashindano inaanza mu nyumba zetu. Mtoto anasema: "Tata, mimi nataka fizike." Baba anajibu: "Fizike njo kazi gani? Kamata sheria, kamata udaktari, ao ingia mu mugodi." Mimi nilifanya miaka mingi ku pompe chini ya udongo, na binti yangu anasoma fizike ku iniversite. Ndugu zangu waliniomba nikate feza ya masomo, juu eti msichana atafanya nini na fizike. Nilikataa, na hii ndiyo sababu.

Mwaka wa kwanza haukuanza na mambo ya nyota wala ya bombe. Ulianza na kupima. Wanafunzi wanafunga jiwe dogo ku kamba ya metre 1, wanaliachilia liende na kurudi. Kwenda na kurudi mara moja inakamata karibu segonde 2. Lakini kupima mara moja haitoshi, sababu mkono unachelewa kufinya krono. Basi wanahesabu mara 20, wanapata karibu segonde 40, halafu wanagawanya. Hivi kosa la mkono nalo linagawanyika. Kutoka hapo wanajua kama kitu kinachoanguka kinaongeza mwendo wake karibu metre 9,8 kwa segonde, kila segonde. Na pembeni ya hesabu wanaandika wanaweza kukosea kiasi gani. Kuandika hesabu nzuri ambayo macho hayakuona, ile ni uongo. Katika inchi yetu, ambako mchimbaji anaogopa mizani ya mnunuzi, hilo si fundisho dogo.

Likizo moja nilimuuliza swali la kazi yangu: sababu gani pompe iliyo juu haiwezi kuvuta maji yaliyo metre 15 chini, hata mota iwe kubwa namna gani? Sisi tulijua tu ni vile. Alinijibu: "Tata, pompe haivuti. Inatosha hewa mu tiyo, na uzito wa hewa ya inje njo unasukuma maji kupanda." Mtaliano Torricelli alionyesha uzito ule kwa zebaki, mu miaka ya 1640. Kando ya bahari, hewa inaweza kupandisha maji karibu metre 10. Kwetu Lubumbashi, karibu metre 1200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo: mwisho ni karibu metre 9, na ku kazi yenyewe haifike hapo. Njo maana mu mugodi kama Kipushi, unaoshuka kupita metre 1000, pompe zinawekwa chini, zisukume maji.

Miaka inayofuata wanasoma joto, umeme, mwanga, kisha atome. Hapa tukumbuke jambo moja. Uraniamu mingi iliyotumiwa kutengeneza bombe ya Hiroshima, mu 1945, ilitoka Shinkolobwe, hapa Katanga. Mawe yalikuwa yetu, lakini hesabu zilifanywa na wengine, na wazee wetu waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini. Mu 1959, reaktere ya kwanza ya Afrika iliwashwa Léopoldville, ku iniversite ya Lovanium. Mashini inaweza kununuliwa. Mtu wa kuielewa lazima afundishwe, pole pole.

Siwadanganye: fizike haileti mkate haraka. Lakini aliyeisoma anaweza kufundisha, kutafuta madini chini ya udongo, kulinda wagonjwa na wafanyakazi kwa miali ya radio, kuangalia nguvu ya umeme. Juu ya yote, amezoea kuuliza: "Umepima? Mara ngapi?"

Wazazi, mtoto akiomba fizike, musimucheke. Mungu, ambaye anachukia mizani ya uongo, anahitaji pia watu wanaojua kupima sawasawa. Tuwasaidie kulipa masomo yao, hata kwa kidogo kidogo.