Mulika Mwizi Imulike Mwizi, Si Dirisha Langu

Wacha niseme mapema kabla mtu hajanirukia: sijakuja hapa kusema taa zizimwe. Nimekulia Eastlands. Najua barabara isiyo na taa ni kitu gani saa tatu usiku, umeshuka steji, simu iko mfukoni na kuna mtu anatembea nyuma yako. Ndio maana ukitaja "uchafuzi wa mwanga" mtaani kwetu, watu wanakuangalia kama mtu anayelalamika chakula kimezidi kwenye sherehe. Uchafuzi tunaoujua ni wa Mto Nairobi na moshi wa matatu. Mwanga ndio kitu tumekuwa tukiomba miaka yote.

Sawa, tumeanza kuupata. Taa za rangi ya chungwa zinatolewa, za LED zinawekwa, na wanasiasa wanapiga picha chini ya mlingoti mpya. Shida yangu iko hapa: tunapima taa kwa ukali wake tu. Ikikuumiza macho tunasema, eeh, hiyo sasa ndiyo taa. Na hivyo ndivyo mtaa unaweza kulipia mwanga mwingi na bado usimwone mwizi.

Hebu jaribu kitu leo usiku. Tafuta mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu ziko Mathare, Kibera, Korogocho na mitaa mingine mingi. Simama mahali ambapo taa yenyewe inakupiga machoni, halafu angalia kichochoro kilicho kando. Giza totoro. Sasa inua mkono uizibe ile taa, kama mtu anayekinga jua. Subiri kidogo. Utaanza kuona ukuta, mtaro, hata paka.

Hakuna uchawi hapo. Mwanga mkali ukiingia moja kwa moja, mboni ya jicho hujifinya, na mwanga wenyewe husambaa ndani ya jicho na kuweka kitu kama ukungu mbele ya unachotazama. Halafu jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kabisa. Ukitoka chini ya taa kali ukaingia kichochoroni, kwa muda fulani wewe ni kipofu. Mwizi anaijua hiyo siri kuliko sisi. Yeye husimama pale kivuli kinapoanzia, na kadiri taa ilivyo kali, ndivyo kivuli kinavyokuwa kizito.

Kwani LED ndiyo mbaya? Zii. LED ni kitu kizuri sana. Inatumia stima kidogo, inadumu, na mwanga wake unaweza kuelekezwa unapotaka kuliko wa taa za zamani. Lakini unafaa kujua inavyotengenezwa. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida huwa ni kidude kinachotoa mwanga wa samawati, kikapakwa unga maalum unaogeuza sehemu ya huo mwanga kuwa njano. Vikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Kupata hiyo samawati kulisumbua wanasayansi miaka mingi hadi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakafaulu, na mwaka wa 2014 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia.

Rangi ya taa hupimwa kwa kelvini. Zile taa za zamani za sodiamu ziko karibu 2,000. LED ya rangi ya joto, kama chai ya maziwa, iko 2,700 au 3,000. Nyeupe ya ofisi ni 4,000, na ile inayokaribia samawati inafika 6,500. Namba ikipanda, samawati inaongezeka. Na miji mingi duniani ilianza na zile za namba ya juu kwa sababu ndizo zilikuwa zinatoa mwanga mwingi zaidi kwa stima ileile.

Sasa, samawati ina tabia moja: ikiingia hewani husambaa kuliko rangi ya chungwa au nyekundu. Ndio sababu anga ni ya samawati mchana. Usiku mambo ni yaleyale, ila sasa jua ni mlingoti wa kaunti. Mwanga unaopanda juu unasambaa, unarudi chini, na anga inakuwa kama bati la kijivu.

Mwaka wa 2023 kulitoka utafiti kwenye jarida la Science uliotumia ripoti za watu wa kawaida, hasa wa Ulaya na Marekani Kaskazini, waliokuwa wakiangalia nyota kutoka 2011 hadi 2022. Walipata kwamba anga ilikuwa ikizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Maana yake, mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 atakuwa anaona kama 100. Na setilaiti zilikuwa hazilioni tatizo lote, kwa sababu kifaa kinachotumika sana kupima mwanga wa usiku kutoka angani hakioni vizuri ile samawati ya LED.

Utasema nyota ni za watalii. Sawa, lakini lugha yetu yenyewe inakupinga. Kuna kifungu cha nyota kinaitwa Kilimia, jina linalotokana na kulima, kwa sababu wakulima walikitazama kujua msimu. Sisi tumebaki na jina tu. Na ukienda Watamu, vitoto vya kasa vikitoka mchangani usiku hufuata upande unaong'aa zaidi. Zamani huo ulikuwa upande wa bahari. Siku hizi unaweza kuwa taa za nyumba na hoteli, na kitoto kikienda huko hakifiki majini.

Hata bila kasa, mimi mwenyewe nimechoka. Kwetu mlingoti uko karibu na dirisha la chumba changu. Saa nane usiku naweza kusoma maandishi ya pakiti ya unga bila kuwasha taa. Nimefunga leso juu ya pazia na bado mwanga unapita. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri taa za barabarani zisipite kelvini 3,000, kikitaja mng'ao unaowasumbua madereva na samawati inayovuruga usingizi, kwa sababu mwili huichukulia kama mchana.

Nilipomwambia mama haya mambo, aliniangalia tu. Yeye hukaanga viazi kando ya barabara. Kabla taa haijawekwa alikuwa anafunga saa moja. Siku hizi anafika saa nne.

"Hizo nyota zako zitalipa nyumba?" akaniuliza.

"Mama, sitaki waitoe. Nataka waiinamishe."

Akanyamaza, akageuza viazi, halafu akasema, "Basi waambie hata ile ya pili. Inanichoma macho nikihesabu chenji."

Hapo ndipo nilijua hatubishani. Mama anataka mwanga kwenye karai na kwenye uso wa mteja. Ule unaoenda mawinguni na ghorofa ya tatu haumsaidii, lakini umelipiwa na ushuru wake.

Na kurekebisha hakuhitaji maajabu. Taa iwe na kofia, mwanga wote uende chini. Rangi iwe ya joto, kelvini 3,000 au chini yake. Badala ya taa moja kali kama jua, ziwe kadhaa za nguvu ya wastani kwenye nguzo fupi, ili vichochoro visiachwe. Na zipunguzwe usiku wa manane pale ambapo hakuna watu.

Mji wa Tucson, Arizona, ulifanya hivi kati ya 2016 na 2017. Ulibadilisha maelfu ya taa zikawa LED za kelvini 3,000 zinazopunguzwa usiku ukikua, na mng'ao wa anga ukashuka kwa karibu asilimia 7. Baadaye watafiti wakagundua kwamba taa za barabarani zilikuwa chini ya moja ya tano ya mwanga wote wa mji unaoonekana kutoka angani. Kwingine kote ni majengo, mabango, viwanja na maegesho. Kwa hivyo wewe mwenye ploti uliyefunga flaslaiti ikaangalia nyumba ya jirani, na wewe mwenye bango la matangazo linalowaka hadi asubuhi, haya mazungumzo ni yenu pia.

Mji wa Davis, California, ulijifunza kwa bei. Mwaka wa 2014 uliweka LED za kelvini 4,000, wakazi wakalalamika, na mamia ya taa zikabadilishwa tena kuwa 2,700, kwa takriban dola 350,000. Sisi hatuna pesa ya kununua taa mara mbili.

Piga hesabu. Hapa tuko karibu na ikweta, usiku ni saa 12 mwaka mzima. Hizo ni saa 4,380 kila mwaka. LED ikidumu saa 50,000, hiyo ni zaidi ya miaka 11. Kama una miaka 19 leo, taa inayowekwa wiki hii utaishi nayo hadi ufikishe 30.

Kaunti zinafaa kuita wananchi watoe maoni kabla ya bajeti kupitishwa. Vile vikao huwa na wazee kumi na soda. Sisi huwa tunajua bajeti ilipita tukiona meme. Mara hii nendeni, na mkifika kwenye taa ulizeni: ni kelvini ngapi? Ina kofia? Inaweza kupunguzwa usiku wa manane? Na ikizimika, nani anaitengeneza na kwa siku ngapi? Halafu hakikisheni majibu yameandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Mama ameshasema atakuja, mradi kisiwe saa za viazi.