Pikipiki Huanguka Hata Ikiwa Imesimama



Kuna msemo unaopendwa sana miongoni mwetu: ajali haina kinga. Tunausema msibani, tunausema barabarani, na mara nyingine tunausema ili tusiulizane maswali. Juma hili naomba tuupime msemo huo kwa jambo dogo lililotukia parokiani kwetu, yaani kuanguka kwa pikipiki mpya. Sisemi juu ya kugongwa, wala kuteleza katika mwendo mkali. Nasema juu ya kuanguka ikiwa imesimama, pasipo mtu juu yake.

Waamini wetu walichanga kwa misimu 2 ya kahawa ili katekista mkuu apate chombo cha kuvifikia vigango vya mbali. Mwalimu huyu amezipita njia hizo kwa miguu na kwa baiskeli kwa zaidi ya miaka 20. Siku ya nne tangu akabidhiwe ufunguo, aliiegesha nje ya kanisa la kigango, kwenye udongo uliolowa mvua ya usiku. Stendi ya pembeni ikadidimia polepole. Alipoiona inainama alikimbia kuidaka, lakini haikudakika. Mkono wa klachi ulikatika, kioo kimoja kikavunjika, tangi likabonyea, na kifundo cha mkono wake kikateguka. Kesho yake alimtuma mjukuu wake alete ufunguo parokiani. Yeye mwenyewe hakuja.

Kwangu mimi, tangi lililobonyea halikuwa hasara kubwa. Hasara ilikuwa kwamba kwa Dominika 2 wagonjwa wa vigango 3 hawakutembelewa, kwa sababu mzee huyu aliona haya kupita mbele ya watu waliochanga. Na kikaoni mambo hayakuwa mepesi. Baadhi ya wajumbe walipendekeza akatwe posho yake. Hasira yao ilikuwa na sababu, maana katika fedha ile ilikuwamo hata sadaka ya wajane. Lakini wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile ndimi kadhaa zilijikwaa. Mmoja alisema wazi kwamba chombo kipya hakipewi mtu aliyekwisha kuzeeka.

Niliwauliza swali moja tu: ni nani kati yetu mwenye pikipiki ambaye haijapata kumwanguka ikiwa imesimama? Walikuwapo wenye pikipiki 6. Hakuna aliyenyosha mkono. Tukakubaliana kwamba parokia itagharamia ukarabati, nami nikaenda nyumbani kwa Mwalimu kumrudishia ufunguo. Tukamwita pia fundi aongee na waendeshaji wetu wote. Mengi aliyotueleza yanafaa kwa kila nyumba yenye pikipiki.

Mosi, tuufahamu uzito. Pikipiki nyingi zinazotuhudumia vijijini zina zaidi ya kilo 100. Tangi la lita 11 likijazwa huongeza takribani kilo 8, na uzito huo umekaa juu. Ikiwa wima, hata kijana mdogo aweza kuizuia kwa mkono mmoja. Ikishainama kupita kiasi, mwenye nguvu naye hawezi. Hapo busara ni kuiachia na kuuondoa mguu wako upesi, hasa upande wa bomba la moshi, ambalo huunguza. Chuma hununuliwa, bali kifundo cha mguu hakina duka.

Pili, tujue kuegesha. Penye udongo laini weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi. Penye mteremko, elekeza tairi la mbele upande wa kupanda na uiache katika gia ya kwanza. Ukiielekeza upande wa kushuka, itasogea mbele na stendi itajikunja. Tena, upande wa kushoto ulipo na stendi usiwe juu ya mwinuko, maana pikipiki itasimama wima mno na kuangukia kulia kwa kuguswa tu. Na unapotembea polepole mahali pa kugeuzia, usikamate breki ya mbele ghafla huku usukani ukiwa umekunjwa. Wageni wengi wa pikipiki huangukia hapo.

Tatu, tuikinge kabla haijaanguka. Bampa, yaani vile vyuma vinavyoizunguka injini, hupokea kishindo badala ya injini, kikanyagio na mguu. Mikono ya klachi na breki isikazwe kupita kiasi kwenye usukani. Ikikazwa kwa kadiri, ikigonga chini huzunguka badala ya kukatika. Kampuni ya Yamaha ilipounda pikipiki ya mashambani iitwayo AG200, iliiwekea stendi za pembeni pande zote 2, pamoja na vyuma vya kukinga injini na mikono ya usukani. Waundaji walikubali tangu mwanzo kwamba chombo hicho kitaanguka, wakakiandaa kwa siku hiyo.

Nne, tujue kuiinua. Zima injini na ufunge koki ya mafuta, kwa kuwa petroli huweza kuvuja. Ikiwa imelalia ubavu wa kulia, fungua kwanza stendi ya kushoto, isije ikaangukia upande wa pili. Iingize gia ili isibingirike. Kisha ipe mgongo, egemeza makalio kwenye kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, chuchumaa huku mgongo umenyooka, halafu isukume kwa nguvu ya miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Ainuaye kwa kuinama huumiza kiuno. Ikisimama, subiri dakika kadhaa kabla ya kuiwasha.

Tano, na hili ndilo naliona kuu, tuseme siku ile ile. Mkono wa breki uliopinda, mtu akiunyosha kwa siri ili asijulikane, waweza kuingia ufa usioonekana, ukakatika siku anaposhuka mlima akiwa amembeba mama mjamzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani atausema ufa wake mahali ambapo kila anayesema hukatwa posho na kutukanwa uzee wake? Tukiwafanya watu waogope kusema, tutakuwa na vyombo vinavyong'aa kwa nje na vyenye hatari ndani. Ninawaomba wazazi mliowanunulia vijana pikipiki, nanyi mnaowakabidhi madereva vyombo vyenu kwa mkataba, mlifikirie jambo hili. Mwulize kwanza kama ameumia. Bei ya kioo itajulikana baadaye.

Basi, zipo ajali zisizo na kinga, nasi twaziacha mikononi mwa Mungu. Hii ina kinga: jiwe bapa chini ya stendi, bampa mbele ya injini, na jirani anayekuja kusaidia kuinua kabla ya kuuliza ni nani aliyeangusha.

Nawatakieni nyote Dominika njema.