Ndoa Isiyo na Cheti

Kwetu Sangailu, upande wa Ijara katika Kaunti ya Garissa, ndoa ni jambo lisilofichika. Siku ya nikahi ng'ombe huchinjwa, wazee wa pande mbili huketi kivulini, sheikh husoma hotuba, walii wa mwanamke hutamka, mume hukubali, na mashahidi wawili husikia kwa masikio yao. Kabla ya jua kuchwa hata wachungaji walio mbali kando ya msitu wa Boni wamekwisha kupata habari ya kwamba binti wa fulani ameolewa na mwana wa fulani. Ukimwuliza mzee wa kwetu ndoa hiyo imeandikwa wapi, atacheka, kisha atakujibu ya kuwa imeandikwa vifuani mwa watu.

Sina neno juu ya jawabu hilo. Kwa sheria ya dini ndoa imetimia, wala hapana karatasi iwezayo kuihalalisha zaidi. Lakini kifua cha mtu hakipelekwi Nairobi kikapigwa muhuri, na mambo ya siku hizi mengi hukatwa na watu wasiotujua wala wasiopata kuiona Sangailu.

Maarifa hayo sisi tuliyapata msibani. Binti wa dada yangu aliolewa na kijana aliyekuwa akifanya kazi ya mshahara katika kaunti nyingine. Walikaa vizuri, wakapata watoto watatu. Kisha mume akashikwa na maradhi, akafariki, Mungu amrehemu. Eda ilipokwisha, mjane akaenda kuuliza haki za marehemu katika ofisi iliyohusika. Karani wa huko hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alimpa kiti na maji, akamwomba cheti cha ndoa. Hakuwa nacho. Akapewa karatasi yenye orodha ya vitu vinavyotakiwa, akarudi nayo safari ya siku mbili.

"Abti," akaniambia, maana ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mjomba, "wananiuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nimemzalia watoto watatu, nao wananiuliza mimi ni nani."

Mimi nilipata kuwa karani wa mifugo kwa miaka mingi, na katika ukoo wetu kila karatasi yenye muhuri huletwa kwangu, hata zile nisizozielewa. Kwanza tulikwenda kwa chifu, akatuandikia barua nzuri sana. Barua ikapelekwa. Jibu likaja ya kwamba barua ya chifu yasaidia, ila haitoshi. Yatakiwa cheti, ama amri ya mahakama. Basi tukafunga safari ya Masalani kwa kadhi.

Asiyeijua njia ile yafaa aambiwe. Wakati wa kiangazi gari hupita Ijara na kufika Masalani, karibu na mto Tana, bila taabu kubwa ila vumbi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hushika magurudumu, na abiria hulala njiani pamoja na mbuzi wao. Tulikuwa watu watano: mjane, baba yake aliyekuwa walii wake, shahidi mmoja wa nikahi (wa pili alikwisha kufa), ndugu wa marehemu, na mimi. Nauli ya watu watano si kitu kidogo kwa mfugaji. Mwana wa mbuzi aliuzwa, na mama yake pia.

Kabla ya kueleza yaliyotokea huko, niseme kidogo juu ya mahakama yenyewe, maana wengi huidhani ni baraza la wazee lililopewa meza. Mahakama ya kadhi ni mahakama ya Jamhuri. Katika pwani ilikuwako tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, ikawekewa ahadi katika mapatano ya Oktoba 1963. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ikaipa mpango, na Katiba ya 2010 yaitaja katika kifungu cha 170. Kazi yake ni ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu katika dini, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu nao wameikubali. Wizi wa ng'ombe si kazi yake, ingawa siku ile tuliwakuta watu wawili mlangoni wamekuja na shauri hilo hilo.

Kadhi alimwapisha walii, akamwuliza maswali machache yaliyonyoka. Nikahi ilisomwa wapi? Nani aliisoma? Mahari ilikuwa nini? Mzee akajibu: mitamba kumi. Iliyokabidhiwa ni mingapi? Sita. Na minne? Mzee akamtazama mkwe wake, yaani ndugu wa marehemu, kisha akasema ilibaki deni.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini yule ndugu alikuwa kimya njia nzima. Ng'ombe wa marehemu walikuwa zizini mwake. Watu wa mjini hudhani ya kwamba cheti cha ndoa ni kitu cha kumwonyesha afisa wa pasi au hospitali. Kwetu, swali la nani ni mke ni swali la mifugo. Katika sheria ya Kiislamu mahari isiyolipwa ni deni la maiti, na deni hutangulia urithi. Baada yake mke mwenye watoto hupata thumuni, mama wa marehemu akiwa hai hupata sudusi, na watoto hupata kilichobaki, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Ndugu wa marehemu aliyeacha wana wa kiume hapati kitu. Lakini kama hapana mke, na watoto hawajulikani ni wa nani, hesabu hiyo yote yageuka.

Kadhi akamwita. Akamwapisha kwa Mungu. "Mwanamke huyu ni nani kwa ndugu yako?"

Hakujibu mara moja. Nje palikuwa na mtu akijaribu kuwasha pikipiki, ikikohoa na kuzimika, nasi sote tulikaa tukaisikiliza. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa. Kama yule bwana angalisema "simjui", tungalikuwa na walii mzee, shahidi mmoja, na barua ya chifu.

"Ni mke wake," akasema mwisho. "Mimi mwenyewe niliwapeleka ng'ombe wale sita."

Hukumu iliandikwa ya kwamba ndoa ilikuwako, warithi wakatajwa majina mmoja mmoja, na deni la mitamba minne likaandikwa. Amri hiyo ndiyo iliyofungua mlango kule ofisini. Hata hivyo, tangu kifo mpaka fedha ya kwanza ulipita mwaka na zaidi, na mtoto mkubwa aliacha shule muhula mzima. Namsifu yule ndugu, kwani alisema kweli iliyomgharimu. Lakini si haki riziki ya mjane na yatima watatu ining'inie katika ulimi wa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani.

Jambo la kusikitisha ni kuwa cheti chenyewe si kigumu. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, ya kanisani, ya kimila, ya serikali, ya Kihindu na yetu. Kadhi anayefungisha ndoa huandika habari zake, huwapa wanandoa cheti, na nakala hupelekwa kwa Mwandikishaji wa Ndoa. Wengine husema ya kwamba lazima tangazo libandikwe siku 21; hilo ni la ndoa ya serikali, wala halimhusu anayefunga nikahi. Mwana wa ndugu yangu alioa mwaka jana, akaenda Masalani pamoja na walii, mashahidi wawili, vitambulisho, picha na barua ya chifu, akalipa ada yake, akarudi na cheti. Waliokwisha kuoana zamani nao wanaweza kumwomba kadhi athibitishe ndoa yao, maadamu mashahidi wangali hai. Wasingoje mpaka mmoja wao awe kaburini.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kitambulisho. Bila kitambulisho hapana cheti, na kwa miaka mingi kijana wa kaskazini mashariki alipimwa kwanza na kamati ya wazee na maofisa kama ni Mkenya, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Mnamo Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir ya kwamba upimaji huo umeondolewa. Aidha kitambulisho hakitolewi kwa asiyetimiza miaka 18, ambao ndio umri uliowekwa na Sheria ya Ndoa, kwa hiyo baba anayeharakisha kumwoza binti mdogo hukwama mlangoni. Mimi siuhesabu mlango huo kuwa usumbufu.

Wako wazee wanaosema ya kwamba karatasi ni serikali kuingia katika dini. Nawaheshimu, lakini Kurani katika sura ya Al-Baqara yaamrisha deni liandikwe mbele ya mashahidi, na mahari ni deni. Nashuku ya kuwa waume wengine hawaiogopi serikali hata kidogo. Wanamwogopa mke wa kwanza. Hao pia hawana sababu, kwani sheria hiyohiyo yaikubali ndoa ya Kiislamu ya wake zaidi ya mmoja. Kama wanayo sababu nyingine, hiyo ni ya nyumbani kwao.

Kuna njia ambayo ingalituondolea safari hizi. Sheria haikumtaja kadhi peke yake. Sheikh au imamu aliyepewa idhini na Mwandikishaji aweza kufungisha ndoa, kuandika na kutoa cheti papo hapo. Sheikh wetu wa Sangailu amefungisha ndoa nyingi kuliko awezavyo kukumbuka, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Tulikaa naye siku mbili tukaandika ombi, chifu akatia sahihi, likapelekwa. Jibu halijaja. Arusi mbili zinangojewa mvua ikiisha, na mabwana arusi wote wawili wamekwisha kuja kwangu kuuliza nauli ya Masalani ni kiasi gani.