Nililala Jikoni Charleston

Wadau, mnajua vile napenda nyumba za kale. Kwa hivyo nilipofika Charleston, South Carolina, niliruka hoteli nikalipia chumba kwenye nyumba ya zamani inayopokea wageni, kitanda na kiamshakinywa. Baraza ndefu ubavuni, dari yake imepakwa buluu ya kufukuza mizimu, na asubuhi uji mzito wa mahindi kwa kamba wa baharini. Nilipiga picha hadi simu ikazima.

Chumba changu kilikuwa uani. Tangazo lilikiita "nyumba ya jikoni", nikaona jina tamu kweli. Kumbe jiko lilijengwa kando kwa kuogopa moto na joto, na juu yake ndiko walikolala watumwa waliopika. Mwenyeji alinieleza hayo akinimiminia chai, sauti ya kawaida tu. Kisha akanionyesha tofali moja ukutani lenye alama za vidole. Matofali ya mji huu yalifinyangwa na watumwa, hata watoto.

Nikaweka kidole changu pale. Hakikuenea.

Usiku huo usingizi ulikataa, na si kwa sababu ya mizimu. Nilikumbuka ile nyumba ya mawe tuliyolala Lamu Desemba, vile nilivyosifu zidaka na milango ya kuchongwa. Pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria 1907, juzi tu. Sasa kule chini, karibu na kisima, nani alikuwa analala?

Video bado iko kwa ukurasa wangu. Sikuuliza hata mara moja.